Jibu ulichoulizwa: imani Katoliki mtaani, kazini na msibani

Jumatano ya Majivu, kabla hata saa tatu asubuhi haijagonga, nusu ya ofisi na nusu ya soko huwa wameshaulizana: "Hilo doa usoni la nini?" Swali hilo linakuja lenyewe, mara moja kwa mwaka, na Wakatoliki wengi wanalipoteza. Wapo wanaojifuta haraka na kusema, "Aa, mambo ya kanisani tu." Wapo pia wanaoanzia bustani ya Edeni, wakapitia kwa Nuhu na kwa Ibrahimu, na kabla hawajafika Kalvari aliyeuliza ameshaondoka kwenda kunywa chai.

Jibu lenyewe linaenea katika pumzi moja: "Ni majivu ya matawi ya mwaka jana. Tunapakwa kukumbuka kwamba sisi ni mavumbi, halafu tunaanza siku arobaini za kufunga." Ukishasema hivyo, nyamaza. Akitaka zaidi atauliza, "Matawi gani?" Hapo ndipo unamweleza kuhusu Dominika ya Matawi, jinsi matawi yanavyobarikiwa, yakachomekwa nyuma ya msalaba sebuleni, yakakaa mwaka mzima hadi yakawa makavu yenye rangi ya chai ya maziwa, kisha yakarudishwa parokiani kuchomwa. Mtu atalikumbuka tawi hilo siku nyingi baada ya kuisahau hotuba yako. Akiwa msomaji wa Biblia atakubana: si Yesu alisema ukifunga unawe uso? Kweli alisema, Mathayo 6:17, na Injili hiyo ndiyo inayosomwa katika Misa ya siku hiyo hiyo. Hakuna sheria ya kukaa na majivu hadi jioni. Anayenawa hajakosa, na anayebaki nayo hajafanya makuu. Mwambie hivyo hivyo.

Mtume Petro ameliweka jambo hili vizuri kuliko semina nyingi. Katika barua yake ya kwanza, sura ya 3 mstari wa 15, anataka tuwe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye" habari za tumaini lililo ndani yetu, na tufanye hivyo "kwa upole na kwa hofu". Tazama kitenzi hicho: awaulizaye. Petro anachukulia kwamba kuna mtu ameshauliza. Kwa hiyo kazi ni mbili. Ya kwanza ni kuishi mpaka watu waulize, ya pili ni kujibu walichouliza, si kile ulichotamani wakuulize. Nikitazama mahali mambo yanapoharibika, mara nyingi ni hapo kwenye ya pili.

Hiyo ya kwanza haina maneno mengi. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1975, katika waraka wake juu ya uinjilishaji, kwamba watu wa siku hizi huwasikiliza mashahidi kuliko walimu, na wakiwasikiliza walimu ni kwa sababu walimu hao ni mashahidi. Kwa lugha ya dukani: rozari imening'inia juu ya mizani, na kilo ya sukari ina gramu 900. Mteja haendi kusoma Katekisimu ajue kama Kanisa linafundisha wizi. Amekwisha kufundishwa hapo hapo kwenye kaunta. Au daladala yenye picha ya Bikira Maria kwenye kioo na konda anayemtukana bibi kwa shilingi mia. Kama huwezi kutimiza kilo na kurudisha chenji, ni heri rozari uiweke mfukoni kwanza.

Mfano ambao ningependa usikike zaidi katika parokia zetu ni wa Mwenyeheri Isidori Bakanja wa Kongo. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa kijana msaidizi wa waashi, aliyebatizwa mwaka 1906, kisha akaenda kutumikia kwenye shamba la kampuni ya Wazungu. Huko alisali rozari yake, akavaa skapulari, vile vipande vidogo vya kitambaa vya ibada vinavyovaliwa shingoni, na akawafundisha sala wafanyakazi wenzake waliotaka. Msimamizi hakutaka kuiona skapulari ile wala kusikia sala zile, akaamuru achapwe. Majeraha hayakupona, na Bakanja alifariki tarehe 15 Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Hakuanzisha mkutano wa hadhara. Aliwafundisha aliokuwa akifanya nao kazi, kwa sababu ndio aliokuwa nao.

Tuje kwenye chakula, maana hapo kila mtu anafika kila siku. Ishara ya Msalaba kwa mama ntilie inachukua sekunde tatu ukiifanya taratibu. Kosa la kwanza ni kuifanya kama mtu anayefukuza nzi, kosa la pili ni kuinua sauti mpaka meza ya jirani iache kula. Ukiwa mwenyeji, na wageni ni mchanganyiko, sema tu, "Tubariki chakula kidogo," sala fupi ya sekunde kumi na tano, Amina, karibuni. Ukiwa mgeni kwa Mwislamu naye akasema Bismillahi, umshukuru Mungu kimoyomoyo na ule. Si zamu yako.

Na Ijumaa za Kwaresima? Sheria yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana aibu ya kutoijua ni kubwa. Kutokula nyama kunamhusu kila Mkatoliki aliyetimiza miaka 14. Kufunga chakula, yaani mlo mmoja kamili na vijimlo viwili ambavyo hata vikijumlishwa havifiki mlo kamili, ni kwa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tangu umri wa miaka 18 hadi mtu anapotimiza 59. Wagonjwa wamesamehewa. Ikitokea sherehe ya kazini Ijumaa na nyama inachomwa, chukua ugali na mboga, na usitangaze. Ukiulizwa: "Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama, kwa kukumbuka Ijumaa aliyokufa Yesu. Ile niliyoiacha, pesa yake inakwenda kwa mwenye shida." Sentensi ya pili iwe kweli, la sivyo usiiseme. Na kuhamia kwa kamba wa kukaanga wa bei mbaya na kuita huo mfungo ni utani, na wenzako wa meza wanaujua.

Yapo maswali manne au matano yanayorudi kila mara, nyumbani, kwenye bodaboda, kwenye kundi la familia. Gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la Maria, kwa sababu wengi wetu tunalijibu kwa hasira. Ilhali jibu limo katika Kiswahili chetu chenyewe. Sikiliza litania yoyote, ile sala ya mmoja kutaja na wengine kuitikia. Kwa Mungu tunasema "utuhurumie". Kwa Maria na watakatifu tunasema "utuombee". Hatuchanganyi. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni maneno ya malaika na ya Elizabeti, Luka 1:28 na 1:42. Nusu ya pili ni ombi la kuombewa, "sasa na saa ya kufa kwetu". Basi mtu akikuambia, "Dada, nyie mnamwabudu Maria," jibu lako ni moja: "Tunamwomba atuombee, kama wewe unavyomwambia mama yako akuombee." Akiendelea kubisha, usimfuate. Umeshajibu.

Kuhusu sanamu, elekeza macho kwenye picha ya marehemu babu iliyotundikwa ukutani kwake: hakuna anayedhani ile karatasi ni babu. Kuhusu kuungama kwa padre, taja Yohane 20:23, Yesu anapowaambia wanafunzi wake kwamba watakaowaondolea dhambi wameondolewa, na ukomee hapo. Kuhusu useja wa mapadre, sema ukweli kwamba ni nidhamu ya Kanisa la Kilatini, yaani hili letu la mapokeo ya Roma, na kwamba katika Makanisa Katoliki ya Mashariki wapo mapadre wenye wake. Watu hushangaa, na kushangaa ni mlango mzuri. Swali usilolijua, jibu ni "Sijui, nitauliza nikuletee," halafu umletee kweli ndani ya wiki. Kujibu kwa kubuni ndiko kunakoharibu, kwa sababu jirani ana simu na atatafuta.

Mtaani kwetu Pwani na hata bara, jirani wa ukuta kwa ukuta mara nyingi ni Mwislamu. Hapa onyo langu ni fupi: usigeuze uchochoro kuwa mhadhara. Mihadhara ile ya vipaza sauti, huyu na Biblia yule na Kurani, imewafanya watu wengi kuamini kwamba kuzungumza dini ni kushindana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, na ukataja kwamba wanamheshimu Maria. Kurani ina sura nzima yenye jina lake, sura ya 19. Mama wawili wanaoweza kuongea juu ya Mariamu huku wakichambua mchele wana jambo la kuongea mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani usile mbele ya mfungaji, wala usimtume mwanao kununua vitumbua akavipitisha barazani kwake saa tisa alasiri. Jioni akikuletea futari, sahani isirudi tupu.

Hata salamu inaweza kuwa ukuta. "Tumsifu Yesu Kristo" ni salamu tamu, lakini ukiingia mahali walipo watu saba na ukawasalimia kwa hiyo wawili unaowajua, wale watano umewaambia kwamba si wa kwenu. Anza na shikamoo kwa wazee, habari zenu kwa wote, kisha hiyo nyingine kwa mwenzako mkiwa mmekaribiana.

Sasa msiba, ambako naona imani Katoliki inaonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Jirani akifiwa, awe Mlutheri, Mwislamu au asiye na dini, kazi ya kwanza ni turubai, viti, kuni, masufuria na maji. Anayefika saa moja asubuhi na ndoo mbili za maji amekwisha kusema mengi. Mazishi ya Kiislamu hufanyika upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo ukisubiri utoke kazini utakuta yamekwisha. Mwanamke ajitande, mwanaume avae suruali ndefu, mkae wanapowaonyesha, muombe kimya. Hakuna haja ya Ishara ya Msalaba kubwa pale makaburini.

Msiba ukiwa wa Mkatoliki na waombolezaji ni mchanganyiko, anayeongoza rozari ya jioni aseme kabla hajaanza: "Tutasali kama dakika 20. Asiyesali pamoja nasi, akae tu nasi, inatosha." Hayo maneno yanamwondolea mgeni wasiwasi wa kutojua inaisha lini. Kisha shika mwendo ule ule tangu kumi la kwanza la Salamu Maria hadi la tano. Wengi huanza polepole kwa hisia, wakifika kumi la nne wanakimbia. Gawa makumi kwa watu watano tofauti, na umpe mmojawapo kijana. Likiisha kumi la tano na Salamu Malkia, funga kwa "Raha ya milele umpe ee Bwana" na uketi. Kinachoharibu ni kuongeza: litania, nyimbo nne, mzee wa kanisa na mahubiri yake ya nusu saa, na wafiwa hawajala tangu asubuhi.

Mtu atauliza kwa nini mnamwombea aliyekwisha kufa. Jibu la pumzi moja: "Tulimwombea alipokuwa mgonjwa, hatuoni sababu ya kuacha leo." Katika Agano la Kale tuna Wamakabayo cha Pili, sura ya 12, Yuda alipokusanya drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa. Lakini usimpige nayo Mlutheri au Mpentekoste kana kwamba umemaliza kesi. Kitabu hicho hakimo katika Biblia aliyoishika mkononi, na atafungua ukurasa kwa ukurasa akidhani umemdanganya. Mwambie kwanza kwamba Biblia zetu zinatofautiana vitabu. Hilo nalo ni mazungumzo mazuri, ila si la usiku wa msiba.

Kwa mama aliyefiwa na mtoto, maneno ya kuacha kabisa ni "Mungu amempenda zaidi" na "Mungu hakosei". Huenda nia ni njema, lakini anayesikia anasikia kwamba Mungu amemnyang'anya. "Pole mama, tuko nawe" inatosha. La maana zaidi ni kurudi tanga likishaanuliwa. Siku ya kumi, mikeka imeshakunjwa, wageni wamepanda mabasi, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nenda na unga kilo mbili na ukae saa moja. Novemba ikifika, mwezi wa kuwaombea marehemu, unaweza kumuuliza, "Mama, naomba nimwombee mwanao kwa jina mwezi huu, unaridhia?" Hata asiye Mkatoliki mara nyingi huridhia. Ila uulize kwanza.

Mahali pa kumkaribisha mtu, kabla hata ya Misa, ni jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaokutana nyumbani kusali na kusoma Injili. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao, jijini Nairobi mwaka 1976, ndio waliozipa jumuiya hizi kipaumbele, na nadhani hatujawahi kupata chombo kilicho karibu na sebule kuliko hicho. Tatizo ni kwamba nyingi zimekuwa vikao vya michango. Mgeni akija mara ya kwanza, akasikia majina ya wadaiwa yakisomwa kwa dakika 40, harudi. Injili iwe mwanzo, pesa mwisho, na mgeni aage kabla ya pesa.

Hatua saba za kushirikishana Injili, zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, zinaenea ndani ya saa moja zikifuatwa. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Injili inasomwa. Kisha kila mwenye kuguswa anachukua neno au kifungu na kukitamka mara tatu kwa sauti, akipumua katikati: "alimwonea huruma… alimwonea huruma… alimwonea huruma". Somo linarudiwa, na hiyo yote bado ni hatua ya tatu. Kinafuata kimya, dakika tatu kamili kwa saa, na katibu ndiye ashike saa, kwa sababu kiongozi akiachiwa atakatisha baada ya nusu dakika. Halafu kushirikishana kilichomgusa mtu, hatua ya sita kupanga kazi, ya saba sala za papo kwa papo.

Hatua hizi huharibikia sehemu mbili. Kwenye kutamka, yupo atakayeanza kufafanua. Kiongozi amkate kwa upole: "Baba, neno tu, maelezo baadaye." Na kwenye kushirikishana, katekista, yaani mwalimu wa dini, akizoea kufundisha, wengine wananyamaza. Kanuni hapo ni kusema "mimi", si "ninyi", na kutojibizana. Hatua ya sita ndiyo hurukwa zaidi, na ndiyo ambayo mtaa mzima unaiona. Isiandikwe "tumsaidie mgonjwa". Iandikwe: nani anamchotea bibi maji Jumatatu, nani Jumatano, nani anampeleka zahanati Ijumaa. Wiki inayofuata mkutano uanze kwa kuuliza kama yalifanyika. Mgeni mwambie mapema kwamba ni saa moja, halazimiki kusema lolote, na mkoba wake abaki nao mapajani.

Kwenye WhatsApp sina mengi. Ukitumiwa "tuma kwa watu 12 upate muujiza, ukikata mnyororo utapata balaa", likomee kwako. Hiyo si sala, ni ushirikina uliovaa rozari. Somo la siku ulitume kwa mtu mmoja mwenye sababu ya kulisoma, pamoja na sentensi yako moja, badala ya kulimwaga kwenye kundi la ukoo wenye dini tatu.

Siku mtu akisema, "Nami nije Misa moja nione," mwandae nyumbani. Mwambie Misa ya Dominika huweza kufika saa mbili pamoja na matangazo. Mwambie sadaka hupelekwa mbele kwa foleni, huenda zaidi ya mara moja, naye halazimiki kuinuka. La Komunyo umwambie kabla, si mkiwa kwenye mstari: "Kwetu hupokea Mkatoliki aliyejiandaa. Wakati huo kaa tu, narudi." Mkalishe upande wa ukutani, maana mhudumu anayeinua watu benchi kwa benchi atamsomba naye kama yuko njiani. Mpe Misale ya Waumini, kitabu cha sala na masomo ya Misa, ikiwa imefunguliwa ukurasa husika. Baadaye usimuulize, "Umeonaje, utarudi?" Kunyweni chai.

Akitaka kuendelea, mpeleke kwa katekista, na hapa kuwa mwangalifu kwa ahadi. Kama alishabatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi tena. Atafute cheti chake. Kama ana wake wawili, au anaishi na mtu aliyewahi kufunga ndoa na mwingine, paroko aambiwe mwanzoni. Huumiza kupita kiasi mtu akifundishwa mwaka mzima, akashona nguo nyeupe, kisha akaambiwa wiki mbili kabla kwamba kuna kizuizi ambacho rafiki yake alikijua na hakukisema.

Watu wazima kwa kawaida hubatizwa Mkesha wa Pasaka. Ibada ni ya usiku na ni ndefu: masomo tisa, saba kati yake ya Agano la Kale, na hata parokia ikipunguza, lile la kuvuka Bahari ya Shamu halirukwi. Mwambie ale kabla hajatoka nyumbani. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo utatimia wenyewe kabla hamjamaliza masomo. Nawe msimamizi wake uwe umepata Kipaimara na umetimiza miaka 16, na ubebe kanga mbili kavu, moja ya kumfutia maji kichwani na moja ya baridi ya saa sita usiku.